Mhusika Aliyehama na Mwigizaji Wake: Davis Mwabili na Suala la Mali ya Mchekeshaji

Wachekeshaji waliopata umaarufu katika televisheni ya Kenya ni wengi, lakini waliofaulu kuanzisha kipindi chenye kusimama juu ya mabega yao wenyewe na kubeba jina la mhusika waliyemlea kwa miaka mingi ni wachache mno. Miongoni mwa wachache hao yumo Davis Mwabili, ambaye mamilioni ya watazamaji humfahamu kwa jina la Inspekta Mwala, na ambaye safari yake kutoka kizimba cha mahakama ya kuigiza hadi kipindi chake mwenyewe inastahili kuchunguzwa kwa uzito kuliko ilivyozoeleka. Uchunguzi huo unawahusu kwa namna ya pekee wakazi wa Taita Taveta, kwa sababu Mwabili ni jina ambalo mwenyeji wa Voi, Mwatate au Wundanyi hulitambua mara moja kuwa la nyumbani, na kwa sababu kaunti hiyo ilikwisha kuonja, kabla ya vichekesho kuingia katika runinga, uchungu wa kazi ya msanii kuenea duniani huku suala la mwenyewe likibaki mdomoni mwa watu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kazi kubwa zaidi ya mchekeshaji wa televisheni ni kumuumba mhusika, yaani mtu wa kubuni mwenye jina, mwendo, sauti na tabia zake, wala si kutunga mzaha mmoja baada ya mwingine. Mzaha huisha unaposikika mara ya pili, ilhali mhusika huzaa mzaha mpya kila anapowekwa mahali papya, jinsi shina la mgomba linavyochipua. Ikiwa hivyo ndivyo, mhusika ni mali, na mali isiyoandikwa kwa jina la mwenyewe huangukia mikononi mwa aliyekuwa na kalamu.

Shule iliyomtoa Mwala ni Vioja Mahakamani, kipindi cha shirika la utangazaji la taifa, ambalo liliitwa Sauti ya Kenya tangu mwaka 1964 hadi sheria ya mwishoni mwa miaka ya 1980 ilipolirudishia jina la KBC. Pamoja na Vitimbi, kipindi hicho kiliwafunza Wakenya wa vizazi kadhaa kucheka kwa Kiswahili, na siri yake ilikuwa katika muundo. Mahakama ni jukwaa lililokwisha kujengwa kabla mwigizaji hajatamka neno: pana hakimu aliyeketi juu, kiongozi wa mashtaka mwenye faili, mshtakiwa kizimbani, shahidi anayeapa, na kanuni inayomlazimisha kila mmoja kuzungumza kwa zamu na kwa adabu. Kicheko kilitoka katika mgongano wa kanuni hiyo na watu wasioiweza, mathalani mshtakiwa anayemjibu hakimu kama anavyomjibu jirani yake sokoni, au shahidi anayeapa kusema kweli kisha akaanza kwa kutaja deni analodai. Vichekesho vya jadi hiyo vilitegemea sana kauli za papo hapo, ambapo waigizaji hupewa kisa kwa ufupi na kuyajaza mazungumzo wenyewe, na kwa hiyo kila mwigizaji alikuwa pia mtunzi, ingawa ni nadra kutambuliwa hivyo.

Katika mahakama ya namna hiyo, afisa wa polisi ana nafasi finyu. Humleta mshtakiwa, hueleza jinsi alivyomkamata, huulizwa maswali na kuondoka, na kesho yake hurudi na mshtakiwa mwingine. Wengi waliowahi kuvaa sare ya kuigiza waliridhika na nafasi hiyo. Mwala hakufanana nao, kwa sababu alikuwa na uzito uliozidi kisa chenyewe, kiasi kwamba mtazamaji alitamani kujua afisa huyu anaishije anapotoka mahakamani, anazungumza vipi na askari walio chini yake kituoni, na nani humwambia ukweli. Mwabili alipomtoa mhusika huyo KBC na kumpeleka Citizen TV mwishoni mwa muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, akimpa kipindi kilichoitwa Inspekta Mwala, alikuwa akilijibu swali hilo la mtazamaji. Afisa aliyekuwa kiungo katika kisa cha wengine akawa ndiye kisa, na wengine wakawa viungo vyake. Geuzo hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa maana mhusika wa pembeni hupendwa kwa sababu haonekani sana, na mara nyingi akivutwa katikati hukauka. Mwala hakukauka, na hilo peke yake latosha kumweka Mwabili katika daraja la watunzi.

Kwa nini hakukauka? Sehemu ya jibu imo katika aina ya ucheshi aliouchagua. Vichekesho vya awali vya Kenya viliegemea sana lafudhi, yaani namna matamshi ya lugha ya kwanza yanavyojitokeza katika Kiswahili cha mzungumzaji, na ustadi wa hali ya juu ulionekana pale mwigizaji alipovaa lafudhi isiyo yake. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang' wa Vitimbi, alikuwa Mkikuyu aliyemwigiza mzee wa Kijaluo kwa ukamilifu hadi watazamaji wengi wakaamini ndiye hasa. Ucheshi huo ulikuwa na wema wake, kwa kuwa uliwakutanisha Wakenya wote chini ya paa moja la Kiswahili, lakini pia ulikuwa na hatari ya kumfanya kila mtu kuwa mfano wa kabila lake. Ucheshi wa Mwala ulisimama zaidi juu ya cheo. Kofia ya inspekta, mkanda uliokazwa juu ya tumbo na sauti ya amri ni vitu ambavyo mtazamaji wa Turkana na wa Taveta huvisoma kwa namna moja, na kicheko huzuka pale heshima ya vitu hivyo inapoporomoka mbele ya mtu wa chini.

Mkazi wa Voi ana sababu ya ziada ya kukielewa kicheko hicho. Mji huo ulikua kwa sababu ya reli iliyofika mwishoni mwa karne ya 19, ukapanuka kwa njia ya reli iliyochepuka kwenda Taveta wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo umekaa juu ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, mahali ambapo malori hayakomi usiku wala mchana na ambapo sare ya polisi ni sehemu ya mandhari kama mibuyu. Katika mji wa njiapanda kama huo, ambamo Mdawida, Msagalla, Mkamba, Msomali na Mswahili wa pwani hukutana kwa biashara, Kiswahili hakikuhitaji kufundishwa kuwa lugha ya kuchekea, na mamlaka huonekana kila siku kwa karibu, yakiwa na sura, jina na namba begani.

Kwa wakazi wa milimani, kukitazama kipindi chenyewe kulikuwa kazi kabla umeme haujasambaa. Katika vijiji vya Mgange au Werugha, kama ilivyokuwa sehemu nyingi za mashambani nchini, televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe ya Great Wall iliwashwa kwa betri ya gari ya volti 12, na betri hiyo ilibebwa hadi madukani kuchajiwa, kisha ikalindwa isipotezwe kwa mambo madogo kabla ya saa ya vichekesho. Mtoto mmoja alitumwa nje kuushika mlingoti wa antena na kuuzungusha polepole, wakati walio ndani wakipaza sauti kumwambia arudishe kidogo, asogeze, aache hapo hapo, na mara nyingi picha ilikaa sawa pale tu alipoendelea kuushikilia mlingoti kwa mkono. Juu yao, kilele cha Vuria chenye urefu wa mita zipatazo 2,200 kilibeba milingoti ya mawasiliano. Mchekeshaji anayejua kwamba kazi yake inasubiriwa kwa gharama hiyo ana deni kwa watazamaji wake, na heshima ambayo watazamaji hao wangali wanampa Mwala inatokana na kuona kwamba deni lililipwa.

Mazingira ya biashara nayo yalimsaidia. Kituo cha kwanza cha televisheni cha watu binafsi nchini, KTN, kilianza mwaka 1990, lakini kwa muda mrefu vituo vipya vilitegemea filamu na tamthilia za nje, ambazo hununuliwa kwa bei nafuu kuliko gharama ya kutengeneza kitu cha nyumbani. Citizen TV ilipozinduliwa upya mwaka 2006 chini ya Royal Media Services, iliweka dau lake kwenye vipindi vya Kenya, na mfano wa Mwala unakaa bega kwa bega na wa Charles Bukeko, aliyeanzisha Papa Shirandula na kumwigiza bawabu anayemficha mkewe aina ya kazi anayoifanya mjini. Kanuni za utangazaji za mwaka 2009 zilipokuja kudai kwamba asilimia 40 ya vipindi viwe vya humu nchini, wachekeshaji hao walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba Mkenya hutazama cha kwake bila kushurutishwa na kanuni.

Ni vyema kuhesabu uzito wa mzigo wenyewe. Kipindi cha nusu saa kila wiki ni saa 26 kwa mwaka, na hata zikitolewa dakika za matangazo, bado ni sawa na filamu ndefu zaidi ya kumi zinazopaswa kutungwa, kuigizwa na kuhaririwa kabla mwaka haujaisha, kisha mwaka unaofuata kazi huanza upya. Anayeanzisha kipindi si mchekeshaji tu, kwa maana hulazimika kutafuta visa, kuwalea waigizaji wachanga, kupatana na kituo kuhusu fedha, na kuhakikisha kwamba mhusika mkuu hasemi leo jambo linalopingana na tabia yake ya mwaka jana. Kazi hii ya pili haionekani katika picha, na ndiyo maana hulipwa vibaya au hailipwi kabisa.

Hapo ndipo suala la mali linapoingia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ambayo husimamia haki ya mtunzi juu ya kazi aliyoibuni, inampa mtunzi umiliki wa kazi yake, lakini papo hapo inaeleza kwamba kazi iliyoagizwa na mtu mwingine, au iliyofanywa katika ajira, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji au mwajiri, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango pekee ulioachwa wazi, na mchekeshaji asiyeupitia siku ya kutia saini atakuta umefungwa siku atakapotaka kuhama. Zaidi ya hayo, sheria hailindi wazo tupu. Wazo la afisa wa polisi anayejikweza ni la watu wote, na kinachoweza kuitwa mali ni namna mahususi wazo hilo lilivyotekelezwa katika picha, sauti na maandishi. Kwa vichekesho vya papo hapo, ambavyo maandishi yake ni haba, mpaka baina ya wazo na utekelezaji huwa mwembamba sana, na wembamba huo humdhuru mbunifu kwa kuwa hana karatasi ya kuonyesha.

Mwabili alihama pamoja na mhusika wake, na mhusika akaendelea kuishi ng'ambo ya pili. Hilo ni jambo la kushukuriwa, lakini halipaswi kuchukuliwa kuwa ndiyo kawaida. Mfano mashuhuri zaidi duniani ni wa Charlie Chaplin, ambaye yule mzururaji wake mwenye kofia ya duara na fimbo alionekana mwaka 1914 katika kampuni ya Keystone, kisha akafuatana naye kutoka kampuni moja hadi nyingine hadi mwaka 1919, Chaplin aliposhiriki kuanzisha United Artists ili wasanii wasambaze filamu zao wenyewe. Baadaye alimshtaki mwigizaji aliyemwiga mzururaji huyo kwa jina linalokaribia lake, na mahakama za California zikampa Chaplin haki. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, walipoanza kipindi cha televisheni cha I Love Lucy mwaka 1951, walikubali kupunguziwa malipo ili filamu za kipindi zibaki kuwa zao, na uamuzi huo ukawatajirisha. Kote kuwili, ustadi wa kuchekesha uliambatana na ustadi wa kusoma mkataba, na hapana sababu ya kuamini kwamba Mdawida au Mgiriama hawezi kuwa na vyote viwili.

Taita Taveta ina mfano wake wa karibu zaidi, nao hauhusu vichekesho. Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa Taita mwaka 1938 na kubeba jina la watu wake katika jina lake, alirekodi wimbo wa Malaika karibu na mwaka 1960, na tangu hapo wimbo huo umeimbwa na Miriam Makeba, Boney M, Angélique Kidjo na wengine wengi katika mabara yote. Hata hivyo, mabishano kuhusu ni nani hasa aliyeutunga, ambayo yalivuka mpaka hadi Tanzania, hayakuzimika alipofariki mwaka 2001. Wimbo una urefu wa dakika chache, una maneno na sauti zinazoweza kuandikwa, na bado mwenyewe alibishaniwa. Itakuwaje basi kwa mhusika wa vichekesho, ambaye amesambaa katika mamia ya vipindi na ambaye sehemu yake kubwa ni namna ya kugeuza shingo na kunyamaza kabla ya kujibu?

Gharama ya kutolijibu swali hili hulipwa uzeeni. Mzee Ojwang' alifariki mwaka 2015, baada ya Wakenya kuchangishana fedha ili atibiwe macho, mtu ambaye nchi nzima ilimcheka kwa mapenzi kwa miongo mitatu na ambaye kila marudio ya kipindi chake yalipaswa kumletea chochote. Kusini mwa mpaka, Amri Athumani wa Tanga, maarufu kama King Majuto, alipougua kabla ya kifo chake cha Agosti 2018, suala la mikataba yake lilijadiliwa hadharani hadi kufika kwa waziri mwenye dhamana ya sanaa. Bukeko naye alifariki Julai 2020 akiwa bado kazini, na Papa Shirandula hakuendelea kuishi baada ya mwenyewe. Harambee ni desturi njema, na aliyetoa shilingi zake kwa M-Pesa ili mzee aone tena alifanya jambo la kiungwana, lakini ni aibu kwa taifa kumpa kwa huruma mtu ambaye lilipaswa kumlipa kwa haki.

Serikali ya kaunti, ambayo hupenda kutangaza vilima vya Taita na mbuga za Tsavo kwa wageni, ina nafasi ya kufanya jambo dogo lenye faida kubwa kwa wasanii wake. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti imo ndani ya hifadhi za Tsavo, ambako mkazi hawezi kulima wala kujenga, na kwa hiyo mali isiyohitaji shamba, yaani mali ya akili na sauti, inapaswa kuthaminiwa huko kuliko kwingine kokote. Wakili mmoja anayelipwa na kaunti, akiketi Voi siku mbili kwa mwezi kuwasomea vijana mikataba kabla hawajatia saini, angegharimu kidogo kuliko tamasha moja la utalii. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kingeweza kuanza hifadhi ya kumbukumbu za wasanii wa eneo hili, ambamo waigizaji wakongwe wangerekodiwa wakieleza wahusika wao walivyozaliwa, nani alichangia nini, na lini, kwa maana maelezo ya namna hiyo ndiyo ushahidi ambao Fadhili William hakuuacha wa kutosha. Wala isingojewe hadi kifo cha mtu ndipo kamera ipelekwe nyumbani kwake.

Vijana wa Voi wa sasa hawangoji kituo cha televisheni. Hupiga picha za vichekesho kwa simu karibu na stesheni ya treni, sokoni au kando ya barabara ya Mwatate, na kuviweka intaneti jioni hiyo hiyo, wakichanganya Kiswahili na Kidawida kwa namna ambayo KBC ya zamani isingeiruhusu. Wengi wao wana wahusika walio hai, wenye majina ambayo watoto wa shule huyaiga njiani. Siku moja kituo au kampuni itamwita mmoja wao Nairobi, atapanda treni ya asubuhi, na mbele yake patawekwa karatasi za Kiingereza zenye kurasa nyingi na mahali pa kutia saini pameshawekwa alama. Mahali fulani katika kurasa hizo pataandikwa kwamba haki zote za mhusika ni za mwagizaji. Kijana huyo ana haki ya kuomba maneno hayo yafutwe, na Sheria ya Hakimiliki inamruhusu, mradi aombe kabla ya kuichukua kalamu.